Meli ya mitetemo, meli ya kuchoronga au boti ya saplai: kijana wa Tanga uingilie mlango gani kwenye mafuta ya kina kirefu?

Mpwa wangu kamaliza kozi za msingi za ubaharia, na siku ya pili yake tu akaja kwangu Sahare na wenzie wawili, mmoja fundi wa kuchomelea katoka VETA, mwingine kasoma jiolojia chuo kikuu, swali lao moja: mjomba, hizi kazi za kutafuta mafuta kina kirefu tunaingilia mlango gani? Nikawaambia kaeni kwanza. Mana walikuwa wanasema "kazi ya mafuta" kama kitu kimoja, na mi niliyekaa miaka minne kwenye boti za saplai Mtwara na msimu mmoja kwenye boti ya doria ya meli ya mitetemo najua ni kazi tatu, meli ya mitetemo inayosikiliza miamba chini ya bahari, meli ya kuchoronga inayotoboa kisima, na boti ya saplai inayopeleka mizigo, ambazo watu wake hawafanani, hawalali saa moja na hawaogopi kitu kimoja. Tuliongea mpaka isha. Nimeona niyaandike ili na wengine waliokwama kama wao wapime wenyewe.

Kabla ya yote, Chongoleani sio utafutaji. Lile bomba la kilomita 1,443 linaloishia pale ni la kuleta mafuta ambayo Uganda walishayapata zamani kule Ziwa Albert, tena linapashwa moto njia nzima manake mafuta yale yana nta, yakipoa yanaganda. Kazi za pale ni matenki, gati na meli za kubeba. Ni njia nzuri na iko mlangoni kwetu, lakini haya ninayolinganisha ni ya kule nje ambako bado hakuna anayejua kama chini kuna kitu.

Na kule nje sio maji tuliyoyazoea. Silikanti, yule samaki ambaye majarife ya wavuvi wetu wa Tanga yalianza kumnasa miaka ya 2003 na kuendelea, sisi tunasema anaishi kilindini na ni kweli, ila kilindi chake ni mita mia na kitu. Kisima cha Zafarani kilichochorongwa 2012 upande wa Lindi, maji peke yake yalikuwa mita 2,582 kabla hujagusa mchanga. Hapo mzamiaji hafiki, nanga haisaidii, na zile rigi, yaani majukwaa ya kuchorongea, za kusimama kwa miguu ya chuma hazina miguu ya urefu huo. Kila kitu kinafanywa kwa sauti, kwa bomba refu au kwa roboti, na hizo kazi tatu zinatokana na hapo.

Tupime kwa vitu gani

Nimeweka vitano: kazi yenyewe ikoje na inasaidia nini kwenye kutafuta, siku ngapi uko baharini, hatari yake, karatasi wanazotaka, na mwisho hela pamoja na kudumu kwa kazi. Hela na kudumu nimeziunganisha makusudi. Kazi ya kutafuta mafuta inakuja na kuondoka, kampuni ikimaliza eneo inahama na meli yake, kwahiyo ukiuliza "kwa siku wanalipa ngapi" bila kuuliza "kwa siku ngapi" umeuliza nusu.

Meli ya mitetemo

Hii ndo inatangulia. Kampuni ikishapata kitalu, yaani eneo lake la bahari la kutafuta, inaanza na ramani za zamani, picha za setilaiti, vipimo vya mvutano wa ardhi, alafu inaleta meli ya saizimiki, ndo hii ya mitetemo. Meli inavuta nyuma yake bunduki za hewa, zinafyatua hewa iliyoshindiliwa, mlio unashuka majini, unapenya sakafu ya bahari, unagonga matabaka ya miamba na kurudi. Nyuma ya bunduki kuna nyaya ndefu zimejaa vinasa sauti vinavyosikiliza mwangwi. Sauti majini inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwahiyo kwenye maji ya mita 2,500 mlio unatumia zaidi ya sekunde tatu kwenda na kurudi kabla hata hujahesabu mwamba. Kila sekunde kumi hivi wanafyatua tena, usiku na mchana, wiki kwa wiki.

Ile ya 2D inavuta waya mmoja na inakupa picha kama umekata mkate kwa kisu mara moja ukatazama ndani. Ya 3D inavuta nyaya nyingi, kumi au zaidi, kila mmoja kilomita 8 hivi. Waya wa namna hiyo ukiunyoosha kuanzia bandarini Tanga unaipita Ngamiani yote na unaendelea kuelekea Pongwe, na huo ni mmoja, zidisha kwa kumi na zote ziko sambamba upana wa kilomita moja. Meli iliyobeba mkia huo haiwezi kusimama ghafla wala kukata kona, kugeuka tu mwisho wa mstari inachukua masaa. Ndo mana inakuwa na boti za doria, na hiyo ndo kazi niliyofanya mimi: kutangulia mbele kuwaambia wavuvi toeni nyavu, meli inapita hapa baada ya saa mbili.

Hapa nikae kidogo manake inanigusa. Ukiwa kwenye boti ya doria unamwambia mzee wa watu atoe jarife aliloshinda usiku kucha analingoja. Yeye anaona umemletea hasara, na hajakosea. Kuna utafiti ulifanywa Bahari ya Barents, Norway, miaka ya 1990, ulionyesha samaki wanaovuliwa walipungua eneo lote la mitetemo na siku kadhaa baada ya bunduki kunyamaza walikuwa bado hawajarudi kama kawaida. Kwahiyo mtu anayejua kuongea na wavuvi kwa lugha yao, anayejua kusema "shikamoo mzee" kabla ya kusema "ondoka", ana thamani kubwa kuliko redio yoyote pale. Kampuni zinaajiri afisa wa kuunganisha na wavuvi, na kijana wa Kigombe au Mwambani aliyekulia kwenye ngalawa anaifanya kazi hiyo kuliko mtu wa digrii asiyejua nyavu inatupwa vipi. Kuna na waangalizi wa nyangumi na pomboo, hawa wanatazama bahari kwanza kabla bunduki hazijaanza, nusu saa mpaka saa nzima, na bunduki zenyewe zinaanza taratibu kwa dakika 20 au zaidi ili wanyama wapate nafasi ya kuondoka.

Siku za baharini ni wiki tano ndani, wiki tano nyumbani, au karibu na hapo. Watu kwenye meli kubwa ni hamsini, sitini. Kazi ya deki ya nyuma ni kutoa na kurudisha nyaya, kuzitengeneza, papa akiing'ata unaibadilisha, na wale wadudu wagumu wanaong'ang'ania ngalawa chini wanang'ang'ania na nyaya pia, unashuka na boti ndogo ukakwangue. Hatari yenyewe iko hapo kwenye boti ndogo pamoja na nyaya zilizokaza. Mlipuko wa kisima haupo, hujatoboa kitu.

Karatasi: vyeti vya msingi vya usalama vya ubaharia, vipimo vya afya, pasipoti, kitabu cha baharia. Kwa wanaokaa kwenye chumba cha data wanataka watu wa jiofizikia, umeme au kompyuta. Hela ni ya katikati, ila kampeni ya mitetemo kwenye kitalu kimoja ni miezi michache tu, afu meli inakwenda Brazili au Namibia. Wafanyakazi wa kudumu wanahama na meli. Sisi wa boti za doria tukashushwa.

Inamfaa mtu mtulivu anayependa vyombo na vipimo, mwenye subira ya kufanya jambo lile lile kila sekunde kumi kwa wiki tano. Inamfaa pia mvuvi anayetaka kutumia anachokijua bila kwenda darasani miaka mitatu.

Meli ya kuchoronga

Mitetemo inasema "hapa panaweza kuwa na kitu". Haisemi kipo. Wataalamu wanakaa na data miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, afu wanachagua nukta moja na kuleta meli ya kutoboa. Visima vingi vya bahari ambayo haijawahi kuchunguzwa vinatoka vikavu, na hili lijue mapema ili siku mkichoronga miezi miwili mkaambiwa hamna kitu usidhani umefeli wewe.

Meli yenyewe ni zaidi ya mita 200, katikati ina mnara na chini ya mnara kuna tundu linalotokea baharini. Inajishikilia pale pale kwa mapangaboi yake yaliyo chini, kompyuta inasoma setilaiti na vifaa vya sauti vilivyowekwa sakafuni, upepo ukisukuma yenyewe inarudisha. Tundu la kwanza linatobolewa wazi, takataka zinabaki sakafuni. Afu wanashusha bomba kubwa lenye ile mitambo ya kufunga kisima, uzito wake tani mia tatu na kitu, wanaiunganisha kipande kwa kipande mpaka ifike chini, kwenye mita elfu mbili na zaidi hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Baada ya hapo tope la kuchorongea linazunguka: linashuka ndani ya bomba la kutobolea, linapanda nje yake likibeba vipande vya mwamba, na uzito wake ndo unazuia gesi isipande. Tope likiwa jepesi kupita kiasi kisima kinasukuma juu, likiwa zito linapasua mwamba. Kuna mtu kazi yake ni kusoma hivyo vipande vilivyopanda, anavitazama kwenye taa ya urujuani manake mafuta yanang'aa chini ya taa ile, na yule mtoto wa jiolojia niliyesema, macho yalimtoka aliposikia hivyo.

Huku kwetu walichoronga sana kuanzia 2010 na miaka kadhaa iliyofuata, upande wa Mtwara na Lindi. Majina ya visima yananifurahisha mpaka leo, vya vitalu vya upande mmoja viliitwa kwa viumbe wa baharini, Pweza, Chewa, Jodari, Papa, na vya kitalu namba 2 vikaitwa kwa viungo, Zafarani, Lavani, Tangawizi, Mdalasini, yaani ni jiko la bibi wa pwani limehamia kilindini. Walichopata ni gesi nyingi, sio mafuta.

Siku ni 28 ndani na 28 nyumbani, masaa kumi na mbili kwa siku bila kuacha. Watu 150 mpaka 200 kwenye meli moja. Unakwenda kwa helikopta, na hapo ndo karatasi inapokuwa ngumu: juu ya vyeti vya ubaharia wanataka kozi ya dharura za baharini ambayo ndani yake wanakufunga mkanda kwenye kibanda cha helikopta, wanakizamisha bwawani, wanakipindua juu chini, na wewe utoke. Cheti chake ni cha miaka minne. Wagosi wa Sahare tunaogelea tangu hatujaota meno ya pili, lakini kuogelea sio kutulia umepinduliwa gizani na maji yanaingia puani, nimeona mabaharia wa miaka kumi wanashindwa mara ya kwanza.

Hatari nisiipunguze hata kidogo. Vyuma vizito vinaning'inia juu ya kichwa muda wote, vidole vinakwenda. Na kuna kisima kupanda, yaani gesi au mafuta kufumuka juu bila kuzuilika. 2010 Ghuba ya Mexico, rigi ya kuelea ya Deepwater Horizon ililipuka kwenye maji ya mita 1,500 hivi, watu 11 walikufa na mafuta yakamwagika karibu miezi mitatu. Ndo mana kila mtu kwenye meli hizi, hata mpishi, ana haki ya kusema kazi isimame. Kijana wa kwetu aliyelelewa asimjibu mkubwa, hilo ndo gumu kwake kuliko helikopta. Lazima ujifunze kumwambia mtu wa umri wa baba yako "simama" na asiwe na la kukufanya.

Hela ya siku ni kubwa kuliko zote tatu. Meli hizi wakati soko lilipokuwa juu, 2012, 2013, kuikodi moja kulipita dola 600,000 kwa siku, kwahiyo hakuna anayekubali ikae bure dakika kumi. Lakini soko likianguka linaanguka na wewe. Mafuta yalikuwa juu ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014, Januari 2016 yakashuka chini ya 30, na meli kibao za kuchoronga zikafungwa kamba bandarini duniani kote. Nawajua jamaa walionunua kiwanja na gari kwa mkopo wakihesabu mshahara wa miaka mitano.

Inamfaa fundi hasa. Mchomeleaji, mekanika, umeme, haidroliki, mtu wa kreni. Pia mwenye mwili wa kazi anayeanzia kibarua cha deki na yuko tayari kupanda ngazi kwa ngazi, deki, sakafu ya mnara, juu ya mnara, mpaka mchorongaji mwenyewe, miaka sio miezi.

Boti ya saplai

Hii sitaieleza sana ingawa ndo niliyoifanya zaidi, kwasababu ukielewa ile meli ya kuchoronga umeshaelewa na hii. Meli ile inakula. Tope, saruji, dizeli, maji, mabomba, kuku, unga, vyote vinatoka bandarini na boti, safari ya kilomita 100 hivi kutoka Mtwara. Ukifika unaomba ruhusa kuingia ndani ya mita 500 za meli ile, unajipanga ubavuni, kreni inashusha ndoano na wewe uko deki unafunga mzigo huku maji yanakupita magotini. Wakati wa kaskazi ni kazi tu. Wakati wa kusi, mwezi wa sita wa saba, mzigo wa tani kumi unayumba juu yako na boti inapanda na kushuka, usiombe uwe na mwenzio asiyesikiliza redio.

Mko wachache, kumi na mbili mpaka ishirini, zamu masaa sita kwa sita, mkataba unaweza kuwa wiki sita au miezi mitatu kabla hujarudi nyumbani. Usingizi haukutoshi, hiyo ndo shida yake ya kweli kuliko mawimbi. Karatasi ni zile za ubaharia wa kawaida, kozi ya helikopta mara nyingi hutaihitaji manake unapandia gatini, na kila siku unayokaa inahesabiwa kwenye siku zako za bahari za kupanda cheo. Hela ni ndogo kuliko meli ya kuchoronga. Lakini boti ile ile kisima kikiisha inavuta jahazi la mizigo, inabeba saruji, inafanya kazi ya bandari, na wewe cheti chako unaweza kukitumia hata kwenye meli za kazi nyingine.

Inamfaa anayetaka ubaharia wenyewe uwe kazi yake ya maisha na mafuta yawe mzigo mmojawapo.

Sasa kwa hali yako

Kama umemaliza kozi za msingi tu kama mpwa wangu na huna uzoefu, milango ya boti ya saplai ndo iko wazi kuliko mingine, kusanya siku za bahari kwanza. Kozi ya helikopta ni ghali, usiilipie kwa mkopo kabla hujaona mkataba wenye jina lako.

Kama ni fundi mwenye miaka miwili mitatu ya karakana, meli ya kuchoronga inakuhitaji wewe zaidi ya baharia, ila nenda ukijua kwamba kati ya kisima na kisima unaweza kukaa nyumbani mwaka mzima, kwahiyo karakana yako ya Makorora usiifunge.

Kama umesoma jiolojia au jiofizikia unaweza kuingilia pande mbili, chumba cha data cha meli ya mitetemo au kibanda cha kusoma vipande vya mwamba. Wanaopenda picha kubwa waende ya kwanza, wanaopenda kushika kitu mkononi ya pili. Na kama hutaki bahari kabisa, kuna tafsiri ya data inayofanyika nchi kavu, TPDC (shirika la mafuta la taifa) na PURA (mdhibiti wa utafutaji wa mafuta na gesi) wana watu wa kazi hiyo, na Sheria ya Petroli ya 2015 inazitaka kampuni zitoe kipaumbele kwa Watanzania, kwahiyo uliza nafasi za mafunzo kwa maandishi, usiishie kuuliza mlinzi getini.

Kama una mke ana mtoto mchanga au mama mgonjwa, tazama zamu kabla ya mshahara. 28 kwa 28 unaweza kupanga nayo maisha, miezi mitatu mfululizo ni ngumu, na simu ya setilaiti haibebi mtoto.

Kama ni dada unasoma hapa, wapo wanawake kwenye meli zote hizi, nimefanya kazi na afisa wa kike wa daraja la meli aliyekuwa anajipanga ubavuni mwa rigi kwa utulivu kuliko nahodha wetu. Uliza tu mapema mtalala wangapi chumba kimoja na nani unampelekea malalamiko.

Kama ni mvuvi wa miaka mingi na shule iliishia la saba, usijidharau. Kampeni ya mitetemo ikija ukanda wetu nenda serikali ya mtaa na BMU yenu, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, mapema mkawape majina ya wanaojua maeneo ya nyavu, manake meli ikishafika nafasi hizo zinakuwa zimeshajazwa.

Na kama kuna mtu kakuambia ulipe kwanza ndo akuunganishe na rigi, usilipe. Wakala mmoja alichukua hela za vijana saba wa mtaani kwetu, akawapa barua yenye muhuri mzuri, wakaenda Mtwara na mabegi yao wakakaa gesti siku tisa wakisubiri helikopta. Mmoja wao ni mtoto wa dada yangu mkubwa, hela ile mama yake aliuza ng'ombe. Vyeti vya kweli anza navyo DMI, chuo cha ubaharia Dar es Salaam, na ukipewa cheti na mtu mwingine yeyote kipeleke TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, wakikague kabla hujatoa senti ya pili.